Safari ya Ndege: Umbali Wake na Hesabu ya Saa Zake

Mtu wa Kariobangi apatapo tikiti ya kwenda Ulaya, mara nyingi tikiti hiyo si mali yake peke yake. Jamaa wamechanga, majirani wa ploti moja wamekaa katika harambee wakatoa walicho nacho, na pengine kipande cha shamba kimeuzwa huko kwao. Tikiti hiyo ikipotea bure, hasara huwaangukia watu wengi. Nayo mara nyingine hupotea, si kwa ugonjwa wala kwa mvua, bali kwa hesabu tu: mwenye tikiti amesoma saa ya kuondoka kwa namna yake na watu wa kiwanja cha ndege wanaisoma kwa namna nyingine, au amedhani ya kuwa safari iliyoandikwa saa moja itamchukua saa moja. Somo hili lahusu hesabu hiyo, tangu umbali wa angani mpaka saa ya kutoka nyumbani.

Umbali wa Angani

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haupimwi kama umbali wa barabara. Barabara hufuata daraja, hukwepa mlima, hupita mjini palipo na watu. Ndege haina haja na mambo hayo. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa barabara ni kilometa 480 hivi, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni karibu sawa na hiyo. Lakini kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta mpaka kiwanja cha Moi, Mombasa, kwa njia ya angani ni kilometa 423 tu. Msomaji aliyefika darasa la nane aweza kuihakikisha hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na inafaa aijaribu.

Kila duara hugawanywa katika sehemu 360 ziitwazo digrii, na kila digrii katika sehemu 60 ziitwazo dakika. Dakika hizo ni za kupimia duara, wala si zile za saa ya mkononi. Jina tu ndilo moja. Mabaharia wa zamani walipima wakaona ya kuwa dakika moja ya latitudo, yaani dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini juu ya uso wa dunia, ni mwendo wa meta 1,852. Urefu huo wakauita maili ya bahari, nao ni mrefu kuliko maili ya nchi kavu ambayo ni meta 1,609. Marubani waliurithi kwa mabaharia, na hata leo rubani huhesabu safari yake kwa maili za bahari, ingawa chini yake hakuna ila mchanga wa jangwa.

Sasa tazama. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko digrii 1 na dakika 19 kusini ya Ikweta, na digrii 36 na dakika 56 mashariki. Kiwanja cha Mombasa kiko digrii 4 na dakika 2 kusini, na digrii 39 na dakika 36 mashariki. Toa kimoja katika kingine. Kwenda kusini tofauti ni digrii 2 na dakika 43, ndizo dakika 163. Kwenda mashariki tofauti ni digrii 2 na dakika 40, ndizo dakika 160. Basi ni kama mtu aliyetembea maili za bahari 163 kwenda kusini, kisha akageuka akatembea 160 kwenda mashariki. Na ndege huikata njia hiyo kwa mshazari. Hapo ndipo ile kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, ambayo wanafunzi wengi huilalamikia ya kuwa haina kazi duniani, inapopata kazi yake. Kipeo cha pili cha 163 ni 26,569. Cha 160 ni 25,600. Jumla yake ni 52,169. Na kipeuo chake cha pili ni 228 na kitu kidogo. Zidisha maili hizo 228 na sehemu yake kwa 1,852, utapata kilometa 423.

Hesabu hii yafaa kwetu kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Huko Ulaya ingetupotosha, maana mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu aendavyo kaskazini, hata kule London dakika moja ya longitudo imepungua, ikawa kama sehemu sita katika kumi tu za maili ya bahari.

Tena safari ikiwa ndefu sana, rula na ramani ya ukutani havifai kabisa, kwa kuwa ramani ni bapa na dunia ni mviringo. Mzazi atakaye kuwafundisha watoto jambo hili na achukue mpira wa kuchezea, atie alama ya Nairobi katikati ya tumbo lake upande mmoja, na alama ya New York upande wa pili, juu kidogo. Kisha avute uzi kati ya alama hizo mbili mpaka ukaze. Uzi uliokazwa ndio njia fupi kuliko zote. Katika ramani bapa rula ingempeleka mtu juu ya Afrika Magharibi. Lakini uzi hupanda kaskazini, hupita Sahara na Morocco, ndipo uingie bahari ya Atlantiki. Njia hiyo ni kilometa 11,800 na zaidi kidogo, na ndiyo ambayo shirika la Kenya Airways lilianza kuisafiri moja kwa moja, bila kutua njiani, mwezi wa Oktoba 2018.

Kutoka Nairobi mpaka London kwa uzi huo ni kilometa 6,840 hivi. Mpaka Amsterdam katika Uholanzi ni karibu kilometa 6,670. Na kutoka kiwanja cha Amsterdam mpaka kile cha Heathrow, London, ni kilometa 370 tu. Msomaji na aishike tarakimu hii ya mwisho, kwa sababu tutairudia: viwanja hivyo viwili vya Ulaya, vyenye nchi mbili, bahari katikati na lugha mbalimbali, vimekaribiana kuliko Nairobi na Mombasa.

Mara nyingine njia fupi haipitiki. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege za kati ya Nairobi na Ulaya zikalazimika kuizunguka, nyingine kwa upande wa Bahari ya Sham na nyingine kwa upande wa Chad. Kwenye kitabu cha jiografia umbali haukubadilika hata meta moja. Lakini mafuta yaliongezeka, na dakika pia.

Saa Huanza Wapi na Kukoma Wapi

Ndege kubwa ya abiria, ikiisha fika juu, huenda kilometa 800 mpaka 900 kwa saa. Basi mtu aweza kusema: ikiwa Mombasa ni kilometa 423, safari ni nusu saa tu. Mbona tikiti yasema saa moja au karibu yake?

Jibu ni kwamba muda ulioandikwa katika tikiti hauhesabiwi tangu magurudumu yaachapo ardhi mpaka yanapoigusa tena. Huhesabiwa tangu kabari za magurudumu ziondolewapo mahali ndege iliposimama, mpaka ziwekwapo tena kule iendako. Katikati ya kabari na kabari mna mambo mengi. Ndege huenda polepole chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia. Pengine hungoja nyingine mbili tatu zitangulie. Hupanda juu kwa taratibu. Na mara inapofika juu, kwa safari fupi kama ya Mombasa au Kisumu, huwa imekwisha fika wakati wa kuanza kushuka. Haipati nafasi ya kukimbia. Kwa sababu hiyo safari fupi ni ghali kwa wakati, kama vile kipande cha sabuni kidogo dukani kilivyo ghali kuliko mche mzima. Amsterdam mpaka London, zile kilometa 370, ndege hukaa angani chini ya saa moja, lakini tikiti huandika saa moja na robo au zaidi, kwa kuwa viwanja vyote viwili vina ndege nyingi na foleni yake ni ndefu.

Upepo nao ni jambo kubwa. Juu sana, meta kama 10,000, katika nchi za kaskazini hupita mkondo wa upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Ndege itokayo London kwenda New York hupambana nao, ile irudiyo husukumwa, na tofauti kati ya kwenda na kurudi yaweza kuwa saa moja au kuzidi. Alfajiri ya tarehe 9 Februari 2020, wakati wa tufani kubwa, ndege ya British Airways ilitua London kutoka New York kwa muda wa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa desturi huchukua kama saa saba. Baina ya Nairobi na London upepo hausaidii sana wala haudhuru sana, kwa kuwa ndege huukata kwa ubavu; basi kwenda na kurudi ni saa nane u nusu mpaka saa tisa.

Mambo ya Eastleigh na Embakasi

Wazee wa Eastlands hawashangai wakisikia ya kuwa safari hii imefupishwa, kwa maana waliiona ikifupishwa mbele ya macho yao. Shirika la Imperial Airways lilipoanzisha njia ya London mpaka Cape Town mwaka 1932, safari nzima ilichukua siku zipatazo kumi na moja. Ndege haikusafiri usiku. Jua likichwa abiria walishuka wakalala hotelini, na sehemu moja ya Ulaya waliivuka kwa gari moshi. Zilikuja pia ndege zenye matumbo kama mashua, zikawa zatua juu ya maji ya ziwa huko Kisumu. Hata hivyo siku zile ilionekana ni mbio za ajabu, kwa kuwa meli kutoka Mombasa ilichukua majuma matatu au zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanja cha Nairobi kwa safari za mbali kilikuwa Eastleigh, kilometa chache tu magharibi ya mahali ambapo baadaye palipimwa viwanja vya Kariobangi. Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946, na hapo Eastleigh ndipo alipotua Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza tarehe 1 Februari 1952, baada ya kusafiri usiku kucha na kutua mara moja katika Libya. Siku tano baadaye baba yake akafa, naye akawa Malkia angali katika nchi hii. Mwezi wa Mei mwaka huohuo ndege ya Comet, isiyo na rafadha, ilianza kubeba abiria kutoka London mpaka Johannesburg, safari ya kwanza ya namna hiyo duniani. Ilitua Khartoum na Entebbe, ikamaliza njia yote kwa muda usiotimia siku moja.

Eastleigh haikuweza kuzipokea ndege kubwa za namna hiyo, kwa hiyo kiwanja kipya kilijengwa kwenye uwanda wa Embakasi, kikafunguliwa mwaka 1958. Haifai kulisahau jambo moja juu yake: sehemu kubwa ya kazi ile ya kuvunja mawe na kusawazisha ardhi ilifanywa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, nao hawakuchagua kwenda kuifanya. Mwaka 1978 kiwanja kilipewa jina la Jomo Kenyatta. Eastleigh ikabaki kuwa kambi ya jeshi la anga.

Saa Tatu Zipoteazo

Kila nchi huweka saa yake kwa kulifuata jua lake. Afrika Mashariki hutangulia saa ya London kwa saa tatu wakati wa baridi huko kwao. Hutangulia Amsterdam kwa saa mbili. Kutokana na hayo, abiria asipoangalia, tikiti humdanganya bila ya kusema uwongo, kwa kuwa saa ya kuondoka huandikwa kwa saa ya mahali pa kuondokea, na saa ya kufika kwa saa ya mahali pa kufikia.

Mfano ulio mwepesi ni zile kilometa 370. Ndege huondoka Amsterdam saa nne kamili asubuhi, na tikiti yasema itafika London saa nne na robo. Je, imesafiri robo saa? La. Imesafiri saa moja na robo, lakini London iko nyuma kwa saa moja. Siku ya kurudi, ndege ileile itaondoka London saa nne na kufika Amsterdam saa sita na robo, na mtu asiyejua atafikiri ya kuwa wamepotea njia. Vivyo hivyo Nairobi na London. Kwenda, safari ya saa tisa huonekana katika tikiti kuwa ya saa sita. Kurudi, huonekana kuwa ya saa kumi na mbili. Njia ya kuukata uwongo huu ni moja: zigeuze saa zote mbili ziwe za Nairobi kwanza, ndipo utoe.

Saa ya Kiswahili na Saa ya Tikiti

Sasa tumefika penye hatari hasa. Tikiti hutumia saa ishirini na nne, kuanzia usiku wa manane, na Kiswahili huanza kuhesabu jua lichomozapo na tena lichwapo. Kanuni ya kugeuza ni hii. Ikiwa tikiti yasema 01:00 mpaka 06:00, ongeza sita: 01:00 ni saa saba usiku. Ikiwa yasema 07:00 mpaka 18:00, toa sita: 15:00 ni saa tisa alasiri. Ikiwa yasema 19:00 au zaidi, toa kumi na nane: 23:00 ni saa tano usiku. Na ile iliyoandikwa 00:30 ni saa sita u nusu usiku.

Kosa la kawaida ni kuliona 07:00 na kusema "saa saba". Mtu huyo atafika mchana, amevaa vizuri, jamaa zake wamemsindikiza na nyimbo, na ndege iliondoka saa sita kabla yake. Katika Nairobi kosa hili limezidi kuwa jepesi kwa kuwa vijana wengi husema saa kwa Kiingereza kazini na kwa Kiswahili nyumbani, na katika mazungumzo huzichanganya bila kujiona.

Lakini kosa baya zaidi ni la tarehe. Tuseme kijana wa Kariobangi South amepata nafasi ya masomo London, na tikiti yake, kwa kupitia Amsterdam, yasema tarehe 5 Januari, 00:30. Mama yake amwuliza, "Mwanangu, waondoka lini?" Naye ajibu, "Mama, ni tarehe tano, usiku, saa sita u nusu." Mama aenda kwa mwajiri wake kuomba ruhusa ya tarehe 5. Shangazi wa Dandora aambiwa tarehe 5. Mwenye gari atakayewachukua aambiwa tarehe 5. Wote wamesikia sawasawa alivyosema, na wote watakuja wakati ndege imekwisha ondoka tangu jana. Kwa maana tarehe 5 ya tikiti huanza usiku wa manane, na nusu saa baadaye ndege inaruka. Kwa watu wa nyumbani huo bado ni usiku wa tarehe 4. Hakuna aliyelala akaamka katikati.

Wapwani wana desturi nyingine tena, nayo yafaa ijulikane. Kwao siku mpya huanza magharibi, jua likichwa. Hivyo usiku wa Ijumaa, kwa mzee wa Lamu, ni ule ambao kwa mtu wa Nairobi ni usiku wa Alhamisi. Basi watu wawili wenye kusema Kiswahili safi waweza kupeana miadi ya usiku na kupishana kwa siku nzima. Lugha yenyewe ina dawa yake, neno kuamkia. Kijana angesema, "Mama, ni usiku wa kuamkia tarehe tano," pasingekuwa na mtu wa kukosea, wala wa Kariobangi wala wa Lamu.

Kutoka Mlangoni

Kijana huyo, aliyekwisha kulifahamu jambo la tarehe, imempasa sasa kuhesabu kwa kurudi nyuma. Ndege yaruka saa sita u nusu usiku. Kwa safari za nje mashirika mengi huwataka abiria wawe kiwanjani saa tatu kabla. Basi awe pale saa tatu u nusu usiku wa tarehe 4. Kutoka Kariobangi mpaka kiwanja cha Jomo Kenyatta, lau angekuwa kunguru, ni kilometa zisizozidi tisa. Kwa barabara ya Outer Ring, kupita Donholm na Embakasi, njia huwa ndefu zaidi. Nayo barabara hiyo, ingawa ilipanuliwa katika miaka ya 2010, jioni hujaa magari ya watu watokao kazini. Mtu mwenye busara hujipa saa mbili. Basi atoke nyumbani saa moja u nusu jioni, na chakula cha kuagana kiliwe mapema, saa kumi na moja, hata kama mjomba hajafika. Kilometa hizo chache za Eastlands zaweza kumtia hasara kuliko kilometa 6,670 zinazofuata, kwa sababu zile za angani zina ratiba na zile za Donholm hazina.

Ataondoka 00:30. Baada ya saa nane u nusu itakuwa saa tatu asubuhi Nairobi, na saa moja asubuhi Amsterdam. Atangoja huko saa mbili, aingie ndege ya pili saa tatu asubuhi kwa saa ya Amsterdam, na baada ya saa moja na robo atatua London. Saa ya ukutani itamwonyesha 09:15, ndiyo saa tatu na robo. Akitazama tikiti yake ataona 00:30 na 09:15, naye atafikiri amesafiri saa nane na dakika 45. Mwili wake utamwambia vingine. Nairobi ni saa sita na robo mchana. Amekuwa safarini saa kumi na moja na dakika 45 tangu kabari za kwanza zilipoondolewa, na saa kumi na sita na dakika 45 tangu alipofunga mlango kule Kariobangi. Kupitia Amsterdam kumemwongezea kilometa 200 tu kuliko yule aliyekwenda London moja kwa moja, lakini kumemwongezea karibu saa tatu, nazo zilipotea katika kungoja. Pengine tikiti ilikuwa rahisi zaidi, na hiyo ni sababu ya haki kwa mtu aliyechangiwa.

Mama yake, aliyeambiwa ya kuwa mwanawe atafika saa tatu na robo, asifadhaike simu isipolia saa tatu na robo ya Kariobangi. Wakati huo kijana bado yu Amsterdam, anatafuta mlango wa ndege ya pili. Na aingoje mpaka saa saba mchana hivi, kwa kuwa baada ya kutua kuna foleni ya pasi, kisha mizigo.

Ikiwa safari hii ingefanywa mwezi wa Julai, tarakimu zingebadilika. Uingereza na Uholanzi husogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kenya haisogezi saa zake, kwa kuwa karibu na Ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima na hakuna mwanga wa kuokoa. Kwa hiyo kati ya Machi na Oktoba London iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, na Amsterdam kwa saa moja. Na kijana aliyezoea kumpigia mama yake simu kila Jumapili saa mbili usiku wa Kariobangi, aipige saa nane mchana ya London wakati wa masika ya huko? La, katika miezi hiyo na aipige saa kumi na mbili jioni, na baada ya Oktoba saa kumi na moja.